Sabuni za Unguja Zilizovikwa Udubai

Leo nimejivua nguo mwenyewe, tena stendi ya Korogwe, watu wamejaa. (Gauni ninalo. Nazungumzia heshima.)

Kesho wifi yangu anaagwa kwao Handeni. Zawadi yangu ni katoni ya sabuni za mwani na karafuu. Kazitengeneza rafiki yangu Mwanaidi, huko Unguja, uani kwake. Nzuri mno! Lakini mke wa shemeji yangu alishaleta mashuka ya Dubai, na mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kamsifia mtaa wetu wa Masuguru mzima. Nami mdomo ukaniwasha. Nikatafuta lebo za Dubai, nikazibandika juu ya lebo za Mwanaidi, moja moja, huku natabasamu. Mama mkwe nikamwambia mzigo umekuja kwa ndege.

Tuko stendi mimi na mama mkwe, tunasubiri gari la Handeni, wakaja watu wa ushuru kukagua mizigo. Ofisa mmoja akafungua katoni, akasoma, akaniuliza karatasi za forodha. Sina. Akanieleza kwa upole kwamba mzigo wa Dubai lazima ulipiwe ushuru, la sivyo unabaki pale. Ingekuwa bidhaa iliyotengenezwa Zanzibar, alisema, isingetozwa, ningebeba nikaenda zangu.

Sasa nifanyeje? Nikisema Dubai, wifi anaagwa nami mikono mitupu. Nikisema Unguja, mama mkwe huyo hapo kwenye benchi, anamenya chungwa.

Nikamsogelea ofisa, nikamnong'oneza. Naye (Mungu amsamehe) akapaza sauti.

"Mama, sikusikii. Zimetengenezwa wapi?"

Hata mpiga debe akageuka. Mama mkwe akaweka chungwa lake chini.

"Mwanangu, hizo ni za Unguja," akamwambia ofisa. "Dubai ni maneno ya huyu mkwe wangu. Nimezinusa tangu juzi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ofisa akataka kuiona lebo ya chini. Nikaanza kubandua kwa kucha mbele ya watu, na gundi niliyoisifu dukani ikawa haitoki! Mama mkwe akachomoa pini ya mtandio wake, akainama kunisaidia. Jina la Mwanaidi likaanza kuonekana, na Zanzibar chini yake. Hapo nikaumia kweli. Mwenzangu kakoroga hizo sabuni mpaka mikono ikachubuka, na mimi nikaona haya kulitaja jina lake. Ofisa akaangalia lebo, akaangalia na risiti ya Mwanaidi iliyokuwa ndani ya katoni, akaturuhusu.

Tulipokaa garini nikamuuliza mama mkwe mbona alijua na hakusema.

"Nilijua unataka nikusifie," akasema. "Basi nikawa nangoja uniletee kitu chako mwenyewe."

Jamani, mkicheka chekeni huko huko kwenu, msinitumie ujumbe wa sauti kundini. Tumekaa siti moja, na simu yangu anaiona vizuri kabisa.