Lalamiko Kuhusu Picha Isiyo na Mtu Ndani

Amalemba, Kakamega
12 Septemba 1994

Kwa Bwana Maina,
Duka la Fremu na Vioo

Ndugu Maina,

Salamu nyingi. Mimi ni yule mwalimu uliyemuuzia picha kubwa yenye rangi nyekundu juu na manjano chini, basi. Hakuna mtu, ng'ombe wala mti. Naomba uje uichukue, kwa sababu zifuatazo:

1. Uliniambia, "Mwalimu, hii ni ya watu waliosoma." Ulijua udhaifu wangu. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikaibeba hata kabla sijauliza juu ni wapi. Wewe mwenyewe umetia kulabu pande zote mbili!

2. Ili ipate nafasi, niliteremsha picha ya harusi yetu na zile za watoto nikazisukuma chini ya kitanda. Mke wangu Roda aliuliza, "Sasa hii inaonyeshanga nini?" Badala ya kusema sijui, nilimhutubia saa nzima. Alisema, "Haya, kaa nayo," akaenda kwao Matungu. Huu ni mwezi wa pili. Najipikia ugali, na hata kuku wanauacha.

3. Jirani yangu Makhanu alikuja na brashi, akauliza kati ya rangi hizo mbili ukuta tunaupaka ipi.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Jumapili mama mkwe alikuja kujionea kilichomfukuza binti yake. Unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Angalau angetazama picha za wajukuu, lakini nilikuwa nimeziondoa. Basi alikaa pembe ile, mimi pembe hii, tukaikodolea macho ile picha yako nyekundu kwa saa mbili. Akasema, "Nimeona," akaondoka. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Kwa hiyo ni wewe uliyeivunja nyumba yangu, mimi nilisaidia kidogo tu. Nadai tuandamane hadi Matungu, wewe ukiwa umeibeba picha, uwaeleze wazee wa kwao inaonyesha nini, kisha uniombee msamaha. Mimi nitasimama nyuma yako.

Wasalimie mama watoto, watoto wote, na fundi wako wa vioo ambaye hana kosa.

Ni mimi mteja wako niliyesoma kupita kiasi,
Lazarus Shikanga

N.B. Kabla sijafunga bahasha, shemeji yangu Risper amefika na ujumbe. Mama mkwe anasema tangu aoze mabinti, katika kila nyumba ya mkwe huwa anatazama miguu yake mwenyewe mpaka shingo inauma. Kwangu tu ndiko alikopumzisha macho. Amemwambia Roda, "Rudi kwa bwanako, na ile picha isitolewe." Roda anarudi Jumamosi. Nimekaa chini nikalia, Maina.

Basi usije. Ukija, utakuta mlango umefungwa. Inaonyesha nini bado sijui, lakini Makhanu nimeshamwambia kwamba nilijua tangu mwanzo.