Mtani Wangu wa Kijerumani

Jumatatu, 7 Julai

Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, katika daftari la mjukuu wangu Yusra. Yeye hana kazi nalo tena, anaolewa Jumamosi. Mimi nilifika darasa la tatu. Niliacha kwa hiari. Mwalimu hakuwa na jipya.

Leo kaingia mwalimu mpya wa misheni. Mjerumani. Anaitwa Lea. Asubuhi atafundisha wasichana hesabu na ushonaji, jioni atafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kiswahili chake kimepigwa pasi, hakina hata kunjo moja. Kaniamkia shikamoo, kisha kaniomba nije darasani jioni. Mimi, Sadala! Nikamwambia darasa ni la wasiojua. Jirani yangu Mustapha kajiandikisha hapohapo. Umeona? La wasiojua.

Lakini mizigo yake, ee! Vitabu, ndoo, chandarua cha duara, na kiti. Kiti cha kukunja, kitambaa cha kijani, penye mkono kuna tundu la kuwekea kikombe. Nimeishi Sindeni miaka sabini na mbili, sijaona kiti kinachomjali mtu namna hiyo.

Nakitaka. Jumamosi babu wa bibi harusi ni mimi, na najua Mustapha atakuja na lile sofa lake la plastiki aliloletewa na mwanawe kutoka Korogwe, aliweke mbele ya watu wote kama mkuu wa wilaya. Safari hii akae nyuma yangu. Nyuma!

Jumanne, 8 Julai

Nimepata njia nikiwa namenya muhogo. Utani!

Mtu na mtani wake hawanyimani. Na utani ulitoka wapi? Vitani. Mababu walipigana, wakachoka, wakapatana, leo wajukuu wanachukuliana kuku huku wakicheka. Sasa, Mjerumani hakuja huku na bunduki? Alikuja. Babu yangu hakupigana naye? Alipigana. Mke wangu Fatu anasema babu yangu alikimbilia porini na mbuzi wake, akakaa huko mpaka vita vikaisha. Hiyo nayo ni mbinu ya vita.

Nikaenda kwa mwalimu, watu wakiwepo, nikatangaza kwamba yeye ni mtani wangu. Kafurahi mno! Katoa kijitabu, kaandika. Akauliza, mtani akichukua kitu mwenyewe hakasiriki? Nikasema akikasirika anatozwa faini. Akauliza, na ni kwa pande zote mbili? Nikasema bila shaka, kiti nikiwa nimeshakibeba kichwani.

Dini yake yake, yangu yangu. Kiti hakina dini.

Jumatano, 9 Julai

Nimekaa kando ya njia tangu asubuhi. Mustapha kapita mara tatu. Ya kwanza kajifanya hanioni. Ya pili kasalimu. Ya tatu kauliza kama naumwa, maana magoti yangu yamepita masikio. Wivu!

Kasoro moja tu. Kiti hiki kukiingia ni rahisi, kutoka ni kazi. Adhana ya adhuhuri imetoka, mimi nimo tu. Yule Mmasai anayetuletea maziwa, jina lake Kakuta, kanipa ncha ya fimbo nishike, kanivuta kama ndama kwenye tope. Kasema kwao ng'ombe akifikia hapo hawasubiri, wanachinja. Sikucheka.

Fatu karudi kisimani anacheka peke yake. Kumbe alikuwa na mwalimu. Nikauliza walikuwa wanazungumza nini muda wote huo. Mapishi, kasema.

Alhamisi, 10 Julai

Jogoo wangu! Jemadari wangu!

Mwalimu kaingia uani peupe. Kasema shikamoo mtani. Kamkamata Jemadari miguu, kichwa chini, kama mtu aliyezaliwa Handeni hii hii. Kasema asante kwa mboga. Kaondoka. Nikafungua mdomo. Fatu kaninyooshea mwiko: ukikasirika, faini. Basi nikacheka. Nimecheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalikuwa ya kweli.

Mchana karudi, kachukua jembe. Jioni kachukua kofia yangu ya harusi, ya kushonwa kwa mkono, kaivaa darasani. Mustapha kaja mbio kunieleza kwamba imemkaa vizuri kuliko inavyonikaa mimi mwenyewe.

Hayo ndiyo mapishi ya Fatu.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala nimewaomba wazee waufute utani. Nimewaeleza vizuri tu kwamba nimechunguza upya, babu yangu hakupigana na mtu, alikuwa porini na mbuzi. Mzee Sharifu kacheka mpaka kashika nguzo ya msikiti. Mustapha naye kasimama, hakuna aliyemwita, kasema utani si muwa, ufyonze utamu halafu uteme makapi. Wazee wakasema kweli kabisa.

Sijali. Kiti ninacho. Nimemtuma Fatu akifute vumbi. Kasema nikifute mwenyewe, yeye ana harusi.

Nimekifuta.

Jumamosi, 12 Julai

Harusi! Pilau masufuria sita. Bwana harusi na watu wake wamefika kutoka Mkumbara, Noah mbili na pikipiki hazina idadi. Mimi mbele, kitini, soda imo tunduni. Mustapha nyuma yangu kwenye plastiki, anachungulia kwa bega langu kama kuku kwenye tenga. Nimekunywa soda taratibu sana ili aone vizuri.

Nikaha imepita salama. Ikafika saa ya kumtoa bibi harusi. Hatoki. Watu wanauliza, kuna nini? Kuna mwalimu. Kalala kizingitini! Kajipaka majivu usoni, kajifunga kanga ya Fatu, kofia yangu kichwani, Jemadari kwapani mzima wa afya. Kasema kwa Kiswahili chake cha pasi kwamba yeye ni mtani wa mwenye nyumba, na hapiti mtu hapa mpaka mwenye nyumba amkomboe bibi harusi.

Vigelegele! Wazee wa Mkumbara wamekuja mbele kutazama. Wameapa hawajaona mtani hodari kama huyu, wakauliza ni wa ukoo gani. Mustapha kawajibu kwamba ni wa vitani, waniulize mimi.

Nikatoa soda. Hataki. Nikatoa mkungu wa ndizi. Hataki. Nikatoa beberu, beberu mzima! Jemadari ndiye aliyejibu, kawika. Bwana harusi anatazama saa. Yusra huko ndani kapaza sauti: babu, mpe anachotaka, mume wangu asije akageuza gari!

Nikauliza, haya, wataka nini? Kasema anamtaka Mzee Sadala darasani Jumatatu, dawati la mbele.

Mbele ya watu wa wilaya mbili! Nikakataa. Mimi si mtu wa kukubali kubali. Nimekataa kwa muda mrefu, kwa maneno mazuri. Pilau likaanza kupoa. Halafu nikamsikia Yusra analia, na si kilio cha maharusi, kilio kabisa, kama siku ile alipoumwa na nge akiwa na miaka minne.

Basi nikanyanyuka nikubali kwa heshima. Kiti nacho kikanyanyuka. Nimekubali nikiwa nimeinama, kiti kimening'ang'ania nyuma kama gamba la kobe.

Mwalimu karuka juu, kampisha bibi harusi. Yusra katoka, kaniona, kilio kimegeuka kicheko, kanikumbatia pamoja na kiti changu. Ngoma ikapigwa. Nimecheza hivyo hivyo. Hakuna babu aliyewahi kucheza ngoma na kiti mgongoni, na nilikuwa wa kwanza. Mustapha hawezi.

Jumatatu, 14 Julai

Darasani. Dawati la mbele. Mustapha ni kiranja, kanionyesha jinsi ya kushika kalamu. Nimemwonyesha jinsi ya kunyamaza.

Jemadari karudishwa, kanenepa. Na habari kubwa: Ijumaa anakuja mwalimu mwingine, kijana, Kaleb, kutoka Uingereza. Ana baiskeli ya gia.

Sirudii kosa. Mtu mzima hujifunza. Utani una milango miwili, ndipo nilipoumia. Huyu Kaleb nitakuwa mjomba wake. Kwa Wazigua mjomba ni mjomba: akisema lete, mpwa analeta, na mpwa gani atathubutu kulala mlangoni kwa mjomba wake? Nimemweleza Fatu. Kaniuliza kama nakumbuka, kwa desturi ya wazee wetu, mjomba akifa mali yake yote ilikuwa inarithiwa na nani, mwanawe au mpwawe. Wanawake wanapenda maswali madogo madogo.

Mwishoni mwalimu kasema kila mtu aandike kwa herufi kubwa neno moja analolipenda, abandike ukutani. Mustapha kaandika AMANI. Mimi nimeandika KARIBU MPWA. Ni maneno mawili. Nimemshinda kwa neno zima.