Sukari Guru kwa Sauti ya Marwa

Jumatatu, 7 Julai 1997

Nimeapa. Siku ya Maulidi kasida itaongozwa na Marwa wangu, si na Thuwaiba wa Hamimu! Hamimu anauza vipuri ukuta kwa ukuta nami hapa Buyenzi. Tangu mwalimu wa madrasa aisifu sauti ya Thuwaiba, Hamimu ananisalimia kwa huruma. Kwa huruma! Mimi, fundi wa kabureta!

Hajui siri yangu. Tangu Ramadhani iishe, kila Marwa anapolala namwekea kipande cha sukari guru shavuni. Kinayeyuka polepole, koo linalainika. Vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani vimefanya sukari iwe adimu kama petroli, lakini Namegabe wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, hunivushia, nami humpa vipuri. Mama Marwa ameuliza tena mtoto atapiga mswaki saa ngapi. Nimemjibu kwamba mswaki utaondoa dawa. Mwanamke hana subira na sayansi.

Alhamisi, 10 Julai

Marwa kasukuma sahani. Ana homa. Nimempa dawa ya malaria. Homa ikashuka, ikarudi. Nimempa dawa ya minyoo. Hakuna minyoo. Gari likikosa nguvu tunabadilisha plagi, kisha chujio, kisha pampu, mpaka likubali. Nitaendelea kubadilisha.

Leo kasahau ubeti wa pili, yeye anayeimba hata akiwa anaoga. Mama yake anasema mtoto halali, anajigeuza tu kitandani. Na sketi ya shule inamteleza kiunoni. Sikulipenda hilo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimegundua! Ni jicho! Nimekumbuka vizuri: wiki jana Hamimu alimsikia Marwa akiimba, akasema mtoto ana sauti tamu, akaondoka. Hakusema mashallah! Nani anamsifu mtoto wa watu hivyo, hadharani, bila mashallah? Tiba ni moja. Lazima aitamke mbele ya mtoto. Lakini nikimwomba atajua kwamba namwogopa. Basi itabidi imtoke mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai

Jaribio la kwanza: nimempeleka Marwa dukani kwake amwamkie. Hamimu kasema, ah, amekua. Basi. La pili: nimemwambia Marwa aimbe ubeti mmoja. Kaimba kinywa nusu wazi, mkono shavuni. Hamimu kasema, bon, yaani sawa. Bon! La tatu: nimeleta alternata yangu mpya ya kuchajia betri ya gari, bado iko ndani ya karatasi, ili moyo wake ulainike. Kaishika kwa mikono miwili, kaigeuza, macho yakamtoka. Mashallah, mashallah, mashallah!

Mara tatu. Kwa alternata.

Jumatatu, 14 Julai

Marwa kaamka shavu limevimba mpaka jicho moja limejifunga. Mwili unawaka. Mama yake analia waziwazi. Kasida nimeisahau kabisa. Namtaka mwanangu tu.

Nimembeba mpaka kwa Hamimu na kumwambia kila kitu: jicho, mashallah, alternata. Kaanza kucheka. Kisha kamwona mtoto, kicheko kikakatika. Kamwambia afungue kinywa. Kainama, kanusa, kanigeukia. «Papa Marwa, mi siko munganga, lakini hii apana jicho. Mutoto iko na jino imeoza.»

Wiki nzima nimebadilisha vipuri na injini yenyewe sikuifungua! Hamimu katoa jerikani aliyoificha nyuma ya matairi, petroli ambayo aliniapia kwa jina la mama yake kwamba hana, kaimimina yote kwenye Toyota yake. Tukaenda Rohero, mjini, kwa daktari wa meno. Nilikaa kiti cha nyuma. Cha nyuma!

Daktari wa meno anaitwa Daphrose, mwanamke mfupi mwenye sauti ya jeshi. Kauliza kama kinywa hiki nimekiazima kwa jirani au ni cha mwili huu huu. Kasema usaha wa jino huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, ndiyo hiyo homa. Mtoto anayeumwa jino hatafuni, asiyetafuna anakonda. Hapati usingizi, asiyelala hakumbuki masomo. Tungechelewa zaidi, kasema, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Kisha kauliza mtoto hulala na nini kinywani. Nikasema, dua. Mama Marwa akasema, sukari guru.

Kachoma ganzi, kang'oa magego mawili, kaandika dawa. Marwa kanishika kidole mpaka mwisho. Nilitokwa na machozi mengi kuliko yeye.

Alhamisi, 17 Julai

Maulidi. Tumesoma mchana kwa sababu ya couvre-feu, usiku ni marufuku kutoka nje. Thuwaiba kaongoza kasida, na kaongoza vizuri, kusema kweli. Marwa kakaa kwenye mkeka, kaitikia taratibu, shavu limerudi mahali pake. Halafu kala pilau. Sahani mbili! Nilisimama mlangoni namtazama akitafuna, nikaona kwamba sijawahi kuona kasida nzuri kuliko hiyo. Hamimu kauliza hali yake. Nilimjibu kwa heshima, na shukrani nilimpa.

Jumamosi, 19 Julai

Marwa anaimba uani tangu asubuhi, beti zote, hasahau hata neno. Mama yake anamsimamia mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Nami nimekaa nikayapima maneno yote ya daktari, moja baada ya jingine, kama mtu mzima mwenye akili.

Sukari nimeacha. Nimeapa, na narudia hapa kwa kalamu! Wala Marwa simgusi tena, sauti yake inatosha. Lakini Daphrose alitaja sukari. Asali hakuitaja. Na mdogo wake Marwa, Hamoud, ana mwaka mmoja na kidogo, koo bado laini, ndio wakati wa kulitengeneza. Hamimu hana mtoto wa kiume wa kushindana naye. Leo nimechovya chuchu yake ya mpira kwenye asali, nikampa alale nayo. Amelala anatabasamu.

Ana meno sita tu. Yataoza nini?