Nakala Yangu na ya Dilip

Jumatatu, 8 Juni 2009
Dilip kabadilisha programu tena! Ni yake, ya kutuma esemesi za matanga. Tulipokosana nilichukua nakala, nikaiita yangu, naiendesha kutoka saiba, duka la intaneti hapa mjini. Akirekebisha yake, mimi natakiwa nivute marekebisho niyaingize kwangu. Nimechoka kufuata nyuma! Leo ati tangazo la kifo litoke papo hapo. Yangu hukusanya matangazo, huyatuma kesho yake jioni. Haraka ya nini? Sisi Uthiru tunakaa matanga wiki nzima ndipo tuzike. Nimekataa.

Jumanne, 9 Juni
Ushindi! Majirani wa Dilip kule Muthangari wamehamia kwenye programu yangu. Niliwaambia yangu ndiyo ya asili. Uongo mdogo tu. Dilip akapiga simu, akauliza kwa upole kama nimevuta yale marekebisho. Nikasema zamani sana. Mama yake akamnyang'anya simu: mbona Kibe siku hizi haji kula chapati, ama amepata mama mwingine? Nikaahidi nitakuja.

Alhamisi, 11 Juni
Jana Dilip alipiga simu mara nyingi. Sikushika. Leo kimya, hajarekebisha kitu. Amenyoosha mikono! Nimejinunulia chai na mandazi.

Ijumaa, 12 Juni
Mama Dilip amefariki. Ni Jumatano alfajiri. Jirani yao Jasleen aliandika tangazo asubuhi ile ile, likakaa kwenye mashine yangu hadi jana jioni. Kwao Wahindi maiti huchomwa haraka. Majirani walifika jana usiku na maua, wakaambiwa mama alichomwa asubuhi hiyo. Mimi nilikuwa nakula mandazi. Mungu wangu! Nimelia hapa saiba, wateja wananitazama.

Jumapili, 14 Juni
Nimeenda kumpa Dilip pole. Aliuliza jambo moja tu: kweli niliyavuta yale marekebisho? Nikasema mtandao wa simu ulisumbua. Alinitazama, akanimiminia chai, akasema mama aliniulizia hadi mwisho. Nikaiacha chai, nikaaga. Najichukia.

Jumatatu, 15 Juni
Nimevuta yote! Sasa tangazo linatoka papo hapo. Nimemlilia Mama Dilip tena, lakini kwa moyo mwepesi kidogo. Kufika mchana, Dilip karekebisha tena: ati kabla tangazo halijatoka, jamaa wa marehemu apigiwe simu athibitishe. Jamani! Nani atatangaza kifo cha mtu aliye hai? Huyu tangu afiwe ananiletea ubosi. Nimekataa.