Zulia la Tatu Kutoka Jikoni

Jumatatu, 2 Septemba. Leh.

Angchuk amepiga simu. Binamu yangu Angchuk! Amesema karamu ya mavuno ni Jumamosi hii. Amesema zulia la marehemu Mjomba Punchok liko wazi tangu alipofariki wakati wa baridi, na siku ya karamu wazee wataamua nani alikalie. Kisha akasema njoo.

Njoo? Mtu anayelitaka zulia lile ananipigia simu kuniambia njoo? Nimekaa saa nzima nikitafuta mtego uko wapi. Sijauona. Maana yake ni mkubwa.

Zulia lenyewe ni la tatu kutoka jikoni. Pale moto unakufikia magotini na chai inakufikia ikiwa bado chai. Baba yangu alikaa mlangoni, mwisho wa mstari, palipo viatu, mpaka alipokufa. Mimi nilirithi hapo hapo. Nimehamia mjini Leh miaka kumi na miwili sasa, nauza soksi na chai, na kila nikirudi kijijini Shunpa narudi kwenye viatu. Safari hii sirudi kwenye viatu.

Nikamweleza mke wangu Yangskit. Akasema, "Baba watoto, labda anataka tu uje."

Yangskit anaamini watu. Ndiyo maana droo ya duka nailinda mimi.

Mpango: mgeni. Anayefika na mgeni wa heshima hawezi kusukumwa mlangoni, kwa sababu mgeni atauliza mwenzangu yuko wapi. Jioni akaingia mtu mrefu kununua soksi. Mfini. Jina lake Taisto, dereva wa treni aliyestaafu. Aliniuliza kama kuna mahali pasipo na watu. Nikamwambia papo, nami ndimi njia. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema ndiyo. Hakusema kingine chochote hadi nilipofunga duka.

Mtu asiyesema anaficha nini?

Jumanne, 3 Septemba. Ndani ya gari la jipu.

Tumekuwa barabarani kwa muda wa saa tisa. Mkono mmoja nimeshika dari, mwingine mkoba. Taisto kichwa kinamuuma kwa sababu ya mwinuko wa milima. Nimempa kitunguu saumu. Amekitafuna kizima bila kuuliza kwa nini. Ningekuwa mimi, ningeuliza.

Nimeamua kijijini atakuwa mtaalamu wa barafu. Mtu mzima aliyetoka nchi ya barafu, nani atabisha?

Nimefanya mazoezi ya kukataa kwenye kioo cha dereva. Mara ya kwanza: hapana, mimi ni nani. Mara ya pili: hapana, kuna wakubwa zangu. Mara ya tatu: hapana, nitakaa palepale pa baba yangu, na hapo macho chini. Anayekaa mara ya kwanza ni mlafi, na kijiji kitamsema mpaka mavuno mengine. Baada ya mara ya tatu wazee wanakushika mikono na kukuburuta, nawe unakwenda ukilalamika. Kulalamika nako nimefanyia mazoezi. Dereva aliniuliza kama naumwa.

Nilifikiria kumweleza Taisto desturi hii. Nikaacha. Angeuliza ya nini, ningemwambia ya zulia, naye angemwambia mtu. Na mtu huyo angekuwa Angchuk.

Jumatano, 4 Septemba. Mwisho wa barabara.

Nilijua! Hapa kwenye duka la mwisho amefungwa farasi. Mwenye duka anasema Angchuk ameniletea, pamoja na ujumbe: nisipite njia ya juu, daraja limechukuliwa na maji, nipite ya chini.

Nimemkagua farasi. Meno mazima. Kwato nzima. Ana tandiko jipya, na shingoni amefungiwa mfuko wa matunda makavu ya aprikoti. Farasi mzuri kiasi hiki hapewi mtu bila sababu. Nikipanda, nitaingia kijijini juu ya farasi wa Angchuk, na wote watasema Dadul amebebwa na Angchuk. Au ataniangusha. Moja kati ya hayo mawili.

Nimempandisha Taisto. Mimi natembea.

Aprikoti nazo nimempa Taisto azionje kwanza. Nimengoja saa moja. Hakupatwa na kitu. Lakini alikuwa amezimaliza.

Ama kuhusu njia: njia ya chini ni siku nzima zaidi. Atakaye nifike nimechelewa aseme nini kingine, kama si daraja limevunjika? Tunapita ya juu.

Alhamisi, 5 Septemba. Ng'ambo ya mto.

Daraja limevunjika.

Lilivunjika kweli, nusu yake iko majini. Nimesimama pale nikiwaza jinsi Angchuk alivyo mjanja: alijua sitamwamini, kwa hiyo akasema kweli.

Tulivuka ndani ya maji. Taisto juu ya farasi, mkavu. Mimi nimeshika mkia. Maji haya asubuhi yalikuwa barafu huko juu. Nilipoteza kiatu kimoja, na unga wangu wa shayiri umekuwa uji ndani ya mkoba. Taisto alishuka, akavua jozi moja ya soksi, akanipa. Zile zile nilizomuuzia Jumatatu. Zilikuwa na joto.

Nimezivaa. Lakini sijasahau kwamba anajua sasa sina kiatu.

Ijumaa, 6 Septemba. Chini ya mlima wa mwisho.

Tumevuka kileleni mchana. Mguu wa kushoto una kiatu, wa kulia una soksi tatu. Kwenye rundo la mawe na bendera za maombi nilipiga kelele zetu, ki ki so so, miungu imeshinda. Kisha nikaomba zulia, kwa sauti ya chini, nikageuka kuona kama kuna aliyesikia. Taisto aliweka jiwe lake juu ya rundo, akasimama na upepo. Sikujua ameomba nini. Nilimuuliza. Akasema hajaomba kitu, alikuwa anapumzika.

Hakuna mtu anayepanda mita elfu tano kupumzika.

Kutoka huko juu nimekiona Shunpa. Shayiri imekatwa nusu. Nyumba ya Angchuk imepakwa chokaa upya. Chokaa mwezi wa Septemba! Anajiandaa kwa jambo. Na juu ya paa letu, lile la baba, nililoliacha likivuja, kuna udongo mpya. Nani amelikanyagia udongo? Na kwa faida ya nani?

Jumamosi, 7 Septemba. Shunpa.

Naandika nikiwa nimekaa. Nitaandika baadaye nimekaa wapi.

Tulipokelewa vizuri. Skafu nyeupe tatu kwangu, tano kwa Taisto. Nilimtangaza: mtaalamu wa barafu, amekuja kwa heshima ya kijiji. Wakamtazama kutoka chini kwenda juu, na kazi hiyo ilichukua muda. Angchuk alinishika mabega na kuniuliza kiatu kiko wapi. Nikamwambia ndivyo tunavyovaa Leh siku hizi. Akaenda ndani, akanitolea vyake vya akiba.

Vilinitosha. Alijuaje kipimo changu?

Tukaingia chumba cha karamu. Jikoni alikuwa Bibi Chorol, mama wa mzee wa kijiji, na hakuna anayekaa wala kuinuka katika chumba kile bila neno lake. Mstari ulijaa taratibu, kila mtu akivutwa na kukataa kama inavyostahili. Zulia la tatu likabaki wazi. Wazee wakanitazama. Mimi nikatazama viatu.

Mzee wa kijiji akasema Dadul panda juu. Nikasema hapana, mimi ni nani. Akarudia. Nikasema hapana, kuna wakubwa zangu. Vizuri sana, sauti ilitetemeka mahali pake. Mara ya tatu nikasema nitakaa palepale pa baba yangu, macho chini, na nikasikia mwanamke mmoja akivuta pumzi. Nikalegeza mikono tayari kwa kuburutwa.

Aliyenishika mkono alikuwa Angchuk.

"Kaka, panda," alisema. "Pale ni pako."

Angchuk, wa nne kwenye mstari, anayepaswa kusogea yeye mwenyewe, ananivuta mimi? Nikaelewa papo hapo. Nikikubali mkono wake, kijiji kitasema Angchuk ndiye aliyenikalisha, na maisha yangu yote nitakalia hisani yake. Nikasema hapana. Akavuta. Nikashika nguzo. Akasema kaka usitie aibu. Nikasema hapana mara ya tano, na ya sita, na nadhani ya saba, na nguzo ikaanza kulia.

Wakati huo wote Taisto alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa kimegusa boriti, uso umepauka kwa mwinuko. Bibi Chorol akamwonea huruma. Akaonyesha kidole mahali pekee palipokuwa wazi, akamwambia, "Mwanangu, kaa."

Akakaa.

Mara ya kwanza! Bila hata hapana moja! Kwao, nasikia sasa, ukiambiwa kaa unakaa. Hakuna anayemwinua mgeni. Mtoto mchanga anajua hilo. Bibi Chorol akammiminia chai, akanywa, akaongezewa, na mambo yakaisha.

Nimekaa mlangoni. Viatu vya Angchuk nimevivua, viko hapa kando yangu.

Jumapili, 8 Septemba. Njiani, baada ya kuondoka Shunpa.

Bibi Chorol ametoa neno: aliyekaa kwenye karamu amekaa mwaka mzima. Taisto ameulizwa kama atabaki majira ya baridi, wakati njia imefungwa na hakuna mtu wa kuja. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema ndiyo. Ameshapewa ng'ombe wa kukama. Wanasema anafaa, hasemi ovyo.

Angchuk alinisindikiza mpaka kwenye rundo la mawe. Farasi amenipa tena. Tulipofika akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, ili siku moja nipate kuona kilichojificha ndani yake.

"Kaka Dadul, baba yako alikaa kwenye ule upepo wa mlangoni miaka thelathini, na sisi tukamwona. Mimi niliona aibu. Nilipoona zulia la mjomba limebaki, niliwazunguka wazee mmoja mmoja, wote wakakubali ni lako. Ulitakiwa tu kukaa."

Macho yaliniwasha. Nilimwona baba, amejikunja palepale, akishika kikombe kwa mikono miwili ili kipate kumpasha. Nikataka kumshika Angchuk mkono.

Kisha nikafikiri. Wazee wote? Mmoja mmoja? Mtu mwenye uwezo wa kuwageuza wazee wote kwa ajili yangu ana uwezo wa kuwageuza dhidi yangu. Na ni nani aliyenihimiza nije? Ni nani aliyeleta farasi, ambaye mgeni alimpanda akafika bila kuchoka, akiwa na nguvu za kusimama mpaka zulia libaki peke yake? Kila kitu kinarudi kwake. Hata udongo wa paa ni yeye, amekiri mwenyewe, anasema lilikuwa linavuja.

Nikamshukuru kwa ubaridi. Akaniambia mwakani nije tena, atazungumza na Bibi Chorol.

Nitakuja. Mpango uko tayari. Nitaleta wageni wawili, wote nikiwa nimewafundisha kukataa mpaka kuche. Nami nimeona kosa langu lilipokuwa. Saba hazikutosha. Mwakani nitakataa mara kumi na tano.

Farasi namkokota. Sijampanda.