Gitaa la Martha na Maksai wa Kushoto

Jumatatu, 27 Novemba 1972
Kikao cha kijiji leo, hapa Kinampanda. Habari kubwa: sherehe za Uhuru tarehe tisa. Simeoni, jirani yangu, akanyoosha mkono mapema kama kawaida yake. Atapiga kodiani lake. Watu wakapiga makofi. Sikuvumilia. Nikasimama nikasema binti yangu Martha atapiga gitaa la umeme, na litasikika mpaka Sekenke. Makofi, mengi kuliko ya Simeoni. Mwenyekiti, Mzee Laurian, akaandika daftarini. Akishaandika yule mzee hafuti.
Martha ana miaka kumi na mmoja. Anapiga gitaa la galoni, nyuzi zake waya wa breki, na anapiga vizuri mno. La umeme hatuna. Siku kumi na mbili zinatosha.

Jumatano, 29 Novemba
Nimepata njia. Tuna maksai wawili: Kamanda, anayevuta kushoto, na Waziri wa kulia. Nikimtoa mmoja, bado ninaye mmoja. Mke wangu Luciana akauliza plau itavutwa na nani. Nikamwambia mvua bado. Akatazama mawingu, akaendelea kupepeta mtama. 

Ijumaa, 1 Desemba
Selemani, mwenye duka Singida mjini, hununua ng'ombe huku kwetu. Lori lake lilimchukua Kamanda jana. Leo mimi na Martha tumekwenda kuchagua gitaa.
Magitaa mawili. La kwanza la kahawia, dogo, na amplifaya yake ndogo kama redio, inayotumia betri sita za redio. Martha akalipakata, vidole vikafika kote. Akapiga wimbo mzima palepale dukani. Akasema, baba, hili hapa.
La pili jekundu. Vifundo vitatu vya kuzungusha! Amplifaya ukubwa wa gunia la mahindi. Mkono wa Martha haukuzunguka shingo ya gitaa. Nikamwambia atakua. Selemani akauliza kama kwetu umeme upo. Nikasema unakuja. Si uongo, katibu wa kijiji alisema mwaka juzi. Basi, akasema, bila umeme hii itataka betri ya lori, au za redio kumi na sita, tena mpya.
Nikachukua jekundu. Martha hakusema neno njia nzima. Furaha, nadhani.

Jumapili, 3 Desemba
Baada ya ibada nimemwona Kamanda. Yuko zizini kwa Simeoni! Selemani kamuuzia. Simeoni akaniamkia vizuri, akaniambia ana shida. Maksai wake mmoja aliyebaki, kama Kamanda, huvuta kushoto. Ukiwafunga nira pamoja, wote wanataka upande mmoja na kupigana mateke. Akaniomba Waziri. Tulime kwake, kisha twende kwangu. Nikamjibu nitafikiri.
Sitafikiri.

Jumanne, 5 Desemba
Duka la ushirika halina betri tangu Septemba. Nimeanzisha Ukaguzi wa Betri. Nikachomeka kalamu mfuko wa shati, nikapita nyumba kwa nyumba, nikasema betri zote zikaguliwe kabla ya Uhuru. Hakuna aliyeuliza nani kanituma. Mzee Laurian mwenyewe, nilipomwamkia, kanipa nne. Jumla thelathini na moja.
Nimezijaribu. Hata mlio hakuna. Kila mtu kanipa zilizokufa, nzima kabaki nazo redioni. Kijiji hiki hakina uaminifu.

Alhamisi, 7 Desemba
Betri zilizochoka huanikwa juani, kila mtu anajua. Nimezianika zote juu ya paa. Saa saba mvua ikashuka, ile ya kwanza ya maana. Kijiji kizima kikakimbilia mashambani, mimi nikakimbilia paa. Luciana akachukua jembe la mkono. Simeoni akapita na kuuliza tena habari za Waziri. Luciana akanitazama. Nikasema nina kazi.

Jumamosi, 9 Desemba
Uhuru. Martha kavaa sare ya shule. Gitaa tumemfunga kifuani kwa khanga iliyopita mgongoni, lisimwangushe. Betri kumi na sita, nilizochagua kwa kuzilamba, nimezipanga mstari ndani ya mwanzi, na waya mpaka kwenye amplifaya.
Mzee Laurian akalisoma jina la Martha. Martha akagusa uzi. Amplifaya ikatoa sauti ya kuku anayeatamia, ikanyamaza. Akagusa tena. Watu wakasubiri. Nikaona machozi yanamlengalenga mwanangu mbele ya kijiji kizima, na niliumia, naandika wazi.
Luciana akatoka kwenye kundi la akina mama na gitaa la galoni. Alikuja nalo tangu nyumbani. Simeoni akavuta kiti, akaketi kando ya Martha na kodiani lake, akamwambia, anza wewe, mama, mimi nitakufuata. Walipiga. Vikongwe walicheza. Mzee Laurian alicheza na daftari mkononi. Wimbo ulirudiwa mara tatu. Martha alicheka kama siku ile alipolipakata lile la kahawia.
Hata mimi nilipiga makofi. Lakini nyuma hawakusikia vizuri. Najua, nilikuwa nyuma.

Jumatatu, 11 Desemba
Sasa nimefikiri. Gitaa halina kosa, kosa lilikuwa betri tu. Na Simeoni ana betri ya lori, anayosikilizia redio. Alipokuja kumwomba Waziri mara ya tatu, sikumwacha amalize. Nikamwambia amchukue, awe wake kabisa, anipe betri. Akauliza shamba langu je. Akauliza mara mbili. Luciana akachukua jembe akatoka.
Betri imefika saa nane. Nimeunga waya. Taa nyekundu imewaka! Nikamwita Martha. Hayupo. Yuko shambani kwa Simeoni, anawaongoza Kamanda na Waziri, anaimba. Matuta yamenyooka. Ng'ambo ya mpaka Luciana analima letu kwa jembe la mkono, amefika robo.
Nikaligusa mwenyewe. Lililia mpaka bondeni. Kamanda na Waziri wakasimama, wakageuza shingo kunitazama, kisha wakaendelea kulima. Luciana hakugeuka.
Sekenke lazima wamesikia.