Kutwaliwa kwa Diski Mbili Mbele ya Kaunta

"Nimezihifadhi mara tatu," alinguruma Baba Watoto, Bingwa wa Rimoti, Mlinzi wa Nywila Asizozikumbuka. "Kuna folda ya Picha, kuna Nakala, na kuna Nakala ya Nakala."

"Zote ziko wapi?" akauliza mkewe.

"Humo humo kwenye kompyuta."

Enyi wenye simu zilizojaa na kompyuta zinazokohoa, sogeeni mpate habari za siku ile kubwa. Vita vilikuwa vimekwisha kupamba moto ndani ya duka la kompyuta, na juu ya kaunta alilala majeruhi mwenyewe, kompyuta ya miaka tisa, akisaga kama mtu anayetafuna kokoto. Tumboni mwake mlikuwa na harusi yao, meno ya kwanza ya watoto wawili, na dakika kumi na moja za sauti ya marehemu mama yake Baba Watoto akimfundisha mwanawe huyo kukunja shuka. Na sauti hiyo haikuwako kwingine kokote chini ya jua.

Ndipo Muuza Duka, Mwenye Maneno Mororo, alipoinua kidiski chembamba cha rangi ya dhahabu. "Hii, mama, ndiyo mwisho wa mambo. Ndani hamna kinachozunguka. Kufumba na kufumbua, imemaliza."

Baba Watoto akatekwa palepale, bila hata kurusha ngumi.

"Mimi nataka ya kufungia kabatini," akanena Mama Watoto, Malkia wa Masjala, ambaye kwa miaka kumi na minne hakupoteza jalada hata moja. "Ikikaa miaka mitatu bila umeme, unaniahidi vitu vyangu nitavikuta?"

Muuza Duka akatazama dari, kama shujaa aliyeishiwa mishale. "Kuahidi, mama, hapo sitaahidi."

"Basi lete ile nene, inayozunguka."

"Ile ni ya polepole."

"Sikimbizani na mtu."

"Na ikianguka?" akadakia Baba Watoto, akiona upenyo katika ngome. "Mwanao huyo mdogo anaangusha mpaka godoro."

Mkuki ule ulikuwa umepenya, maana alisema kweli. Mama Watoto akaikazia macho kompyuta inayokoroma, akafikiri kama afikirivyo kazini, ambako jalada zito halilali chumba kimoja na nakala yake.

"Nene mbili," akatamka. "Za viwanda tofauti, zisije zikaugua ugonjwa mmoja. Moja kabatini kwetu, nyingine kwa wifi yangu. Dada yako hajavunja hata kikombe, na hachoki kutukumbusha."

"Tutarudi Jumamosi tuzichukue," akasema Baba Watoto.

"Hiki kinachokoroma hakiijui Jumamosi. Kijana, chomeka waya."

Kwa muda wa saa mbili na nusu walisimama pale, wateja wakiwazunguka kama mto unavyozunguka jabali. Kila diski ilipojaa, Mama Watoto aliifungua, akasikiliza sauti ya marehemu tangu neno la kwanza hadi la mwisho, akabandika karatasi yenye tarehe. Baba Watoto alikuwa akifuta miwani.

Na ikumbukwe na vizazi vyote kwamba siku hiyohiyo ya Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili jioni, Malkia wa Masjala alifika mlangoni kwa wifi yake, akakataa chai, akamkabidhi diski ya pili, akamtaka atie sahihi kwenye daftari.